Fungu moja ni kiasi gani?

Miongoni mwa mada za Hisabati ambazo huwatoa jasho wanafunzi wa shule zetu pamoja na wazazi wao, hapana shaka ile ya uwiano imo katika safu ya mbele. Mwanafunzi ajuaye kujumlisha, kuzidisha na kugawanya bila wasiwasi wowote hukwama pindi tarakimu hizo hizo zinapovishwa maneno: fulani na fulani waligawana fedha kwa uwiano wa tatu kwa tano, je, kila mmoja alipata nini? Wenzetu wa Tanzania huyaita maswali ya namna hii mafumbo, nami naona jina hilo limesibu, kwa maana fumbo halitaki nguvu, lataka kufumbuliwa.

Nimeishi Kahawa Sukari, kando ya barabara kuu iendayo Thika, kwa miaka mingi. Kwa kuwa niliwahi kushika chaki, watoto wa majirani hunibishia hodi jioni wakiwa na madaftari yao. Katika kuwasaidia nimebaini kwamba kosa lao karibu kila mara ni lile lile, na wala si la kutojua hesabu. Ni kosa la kuanza kuhesabu kabla ya kusoma.

Katika madarasa mengi mwanafunzi hupewa hatua tatu azikariri: jumlisha nambari za uwiano, gawanya kwa jumla hiyo, kisha zidisha. Hatua hizo si uongo. Chukua mfano huu. Njeri, Otieno na Halima walichanga Sh4,000, Sh6,000 na Sh10,000, wakaanzisha biashara ya kuuza mayai. Walipata faida ya Sh15,000 na kuigawana kwa uwiano wa michango yao. Michango hiyo ikipunguzwa hadi nambari ndogo kabisa huwa 2 kwa 3 kwa 5, yaani mafungu kumi. Sh15,000 zikigawanywa kwa kumi, fungu moja ni Sh1,500. Njeri basi hupata Sh3,000, Otieno Sh4,500, naye Halima Sh7,500. Kanuni imefanya kazi, mwalimu ametia alama ya vyema, na somo limekwisha.

Sasa libadilishe swali kidogo tu. Fundi anachanganya zege kwa uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4: saruji karai moja, mchanga makarai mawili, kokoto makarai manne. Leo amemwaga makarai 20 ya kokoto. Je, atahitaji mchanga kiasi gani? Mwanafunzi aliyekariri hukimbilia kujumlisha: moja na mbili na nne ni saba. Hugawanya 20 kwa saba, akapata jibu lisilo kichwa wala miguu, akaanza kutafuna kalamu. Hakukosea kugawanya. Alikosea kudhani kwamba 20 ni jumla ya vyote, ilhali swali limetamka waziwazi kuwa 20 ni kokoto peke yake. Kokoto ina mafungu manne. Kwa hiyo fungu moja ni makarai matano. Mchanga utakuwa makarai kumi, na saruji matano.

Libadilishe tena. Darasa lina wavulana na wasichana kwa uwiano wa 5 kwa 7, na wasichana wamewazidi wavulana kwa 12. Wavulana ni wangapi? Hapa mtego ni mkali zaidi, kwa sababu 5 na 7 zikijumlishwa huwa 12, na 12 kugawanywa kwa 12 ni moja. Mwenye kukariri atafurahi kwa jibu lililonyooka hivyo, atangaze darasa la wavulana watano na wasichana saba, asiulize mbona saba haijaizidi tano kwa 12. Ukweli ni kwamba 12 si jumla, wala si idadi ya upande wowote. Ni pengo lililo kati ya mafungu matano na mafungu saba, yaani mafungu mawili. Fungu moja ni wanafunzi sita. Wavulana ni 30, wasichana 42, na darasa zima ni wanafunzi 72, idadi ambayo haitamshangaza mwalimu yeyote anayesoma safu hii.

Msomaji ataona kwamba maswali hayo matatu yana sura moja lakini kanuni moja haiyatoshi. Hata hivyo, kuna swali moja linaloyatosha yote: nambari niliyopewa ni ya mafungu mangapi? Katika swali la kwanza ilikuwa ya mafungu yote, katika la pili ya upande mmoja, na katika la tatu ya tofauti. Akishajibu hilo, mwanafunzi hupata fungu moja kwa kugawanya mara moja tu, na yaliyosalia ni kuzidisha. Tumewapa watoto hatua za kufuata, tukawanyima swali la kujiuliza.

Lipo kosa la pili, nalo ni la ndani zaidi. Jina la mtaa wetu linatosha kulieleza. Tuseme kikombe kimoja huhitaji kijiko kimoja cha kahawa na vijiko viwili vya sukari. Muulize mtoto: nikitia vijiko vitatu vya kahawa kwenye birika, nitie sukari vijiko vingapi ili utamu usibadilike? Wako watakaojibu vinne. Hoja yao ni kwamba kahawa imeongezwa vijiko viwili, basi sukari nayo iongezwe viwili. Jibu sahihi ni sita, na mnywaji wa birika la vijiko vinne angelitambua kosa kwa ulimi kabla ya kulitambua kwa kalamu.

Kosa hilo si la watoto wa Kiambu pekee. Katika miaka ya 1970, Robert Karplus, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwapa wanafunzi swali la Bwana Mfupi na Bwana Mrefu. Kwa kupimwa na vifungo, Bwana Mfupi alikuwa na urefu wa vifungo vinne na Bwana Mrefu sita. Kwa kupimwa na vibanio vya karatasi, Bwana Mfupi alikuwa na vibanio sita. Je, Bwana Mrefu ana vibanio vingapi? Jibu ni tisa, lakini wanafunzi wengi walisema vinane: wameona tofauti ya viwili, wakaongeza viwili. Uwiano huanza pale mtu anapoacha kuuliza "kimezidi kwa kiasi gani?" akauliza "ni mara ngapi?" Kuvuka kutoka swali la kwanza hadi la pili ni safari ndefu kwa mtoto, na hakuna kanuni ya kukariri inayoweza kumvusha.

Je, ina maana watoto wetu hawana akili ya uwiano? La hasha. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto watano waliokuwa wakichuuza katika mitaa ya Recife, nchini Brazil. Waliponunua bidhaa kwao na kuwauliza bei, watoto hao walijibu sawasawa asilimia 98 ya maswali. Maswali ya hesabu hizo hizo yalipoandikwa kwa maelezo kama ya shuleni, walipata asilimia 74 hivi. Yalipoandikwa kwa tarakimu tupu, walianguka hadi asilimia 37. Mmoja wao aliulizwa bei ya nazi kumi, kila nazi ikiwa 35. Hakuongeza sifuri kama tufundishwavyo. Alihesabu tatu tatu: 105, 210, 315, kisha akaongeza moja, 350. Hesabu yake ilikuwa ya mafungu.

Mtu akitoka Kahawa Sukari akafika soko la Githurai, atawakuta watoto wa namna hiyo. Nyanya pale hupangwa kwa mafungu, na mtoto anayemsaidia mamaye kuuza wakati wa likizo anajua mafungu matano ni shilingi ngapi bila kuandika chochote. Katika mtaa wetu, ambako majengo mapya hayaishi, kijana anayebeba mchanga hujua kwamba kokoto ikiongezwa maradufu, saruji nayo sharti iongezwe maradufu, ama sivyo nguzo haitashika. Wazee wetu wa pwani nao walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Huo ni uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4, ule ule wa zege ya fundi wa leo. Elimu hii imo katika maisha yetu na katika lugha yetu. Kinachokosekana ni daraja la kuivusha hadi kwenye daftari.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, hata kama wapo wasiopenda kulisikia. Tangu ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, mwongozo umekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia mwaka wa nne. Kwa hiyo fumbo la uwiano humfikia mtoto likiwa na vifuniko viwili: kwanza Kiingereza, kisha hesabu yenyewe. Mara nyingi nimemsomea mtoto swali lake kwa Kiswahili, bila kuongeza lolote, naye akalijibu kabla sijamaliza. Kiswahili kina neno dogo "kwa" ambalo hubeba uwiano bila taabu: tatu kwa tano, kikombe kwa vijiko viwili, shilingi kumi kwa kila yai. Sisemi tukitupe Kiingereza, maadamu mtihani umo katika lugha hiyo. Nasema mwalimu asione haya kulifumbua swali kwa Kiswahili kabla ya kulitatua kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni kwa nini kiwe haramu ubaoni.

Mabadiliko ya mfumo wa elimu yameyapa haya yote uzito mpya. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Karatasi yake ya Hisabati ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, na mtahiniwa alikuwa na saa mbili tu. Mtihani wa namna hiyo huona jibu, hauoni njia. Kwa miaka mingi uliwalea walimu katika mbio za kanuni fupi, kwa sababu kanuni fupi ndiyo iliyoleta alama upesi. Mtaala wa umilisi uliletwa kwa ahadi ya kuuondoa mwenendo huo. Hata hivyo, tathmini ya Gredi ya 6, iliyoanza mwaka 2022, nayo ni ya kuchagua jibu, na mada ya uwiano sasa hufundishwa rasmi katika Gredi ya 8, yaani katika sekondari ya msingi iliyowekwa ndani ya nyua zile zile za shule za msingi tangu mwaka 2023.

Kuchelewesha mada si jambo baya. Mtoto wa Gredi ya 8 amekomaa zaidi kuvuka kutoka "kimezidi kwa kiasi gani" hadi "ni mara ngapi". Lakini tusipobadilisha mafundisho, tutakuwa tumeahirisha kosa kwa miaka miwili. Aidha, shule nyingi za sekondari ya msingi zilianza zikiwa na walimu wachache mno, hata mwalimu wa lugha akajikuta amepewa Hisabati ili ratiba ijae. Mwalimu huyo hana budi kuishika kanuni iliyo kitabuni, kwa kuwa ndiyo fimbo pekee aliyo nayo.

Msomaji huenda akauliza: kwani mtu akikosa swali la makarai ya kokoto, dunia itaanguka? Nitamjibu kwa neno lenyewe. Katika magazeti yetu neno uwiano limepata maana nyingine. Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha tume tuiitayo Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, baada ya taifa kukaribia kuteketea kwa ghasia za uchaguzi. Uwiano hapo ni kupatana kwa watu. Wala hizi si maana mbili zilizokutana kwa ajali. Watu hupatana pale kila mmoja anapoona kwamba fungu lake lina hoja inayoeleweka, na huvurugana pale mgawanyo unapofanywa kwa siri au kwa hesabu wasiyoifahamu.

Kumbuka mvutano wa Seneti wa mwaka 2020 kuhusu fomula ya kugawia kaunti fedha. Vikao vilivunjika mara kwa mara hadi mwezi wa Septemba, ndipo maseneta wakaafikiana. Katika fomula hiyo, sehemu 18 kati ya 100 zilifuata idadi ya watu, sehemu 20 zikagawanywa sawa kwa sawa baina ya kaunti 47, na nyingine zikafuata afya, kilimo, umaskini, ukubwa wa ardhi na kadhalika. Huku kwetu Kiambu kulikuwa na kilio cha mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kaunti zenye watu wachache na ardhi kubwa zililia kwa upande wa pili. Fomula ya nne ilipojadiliwa mwaka 2025, hoja zilikuwa zile zile.

Hebu tuifanye hesabu. Katika sensa ya mwaka 2019, Kiambu ilikuwa na watu 2,417,735 na Lamu 143,920. Huo ni uwiano wa karibu 17 kwa 1. Katika mwaka wa fedha wa 2021/2022, Kiambu ilitengewa takribani Sh11.7 bilioni na Lamu takribani Sh3.1 bilioni, uwiano usiofika 4 kwa 1. Kwa kila mkazi, Kiambu ilipata Sh4,800 hivi na Lamu Sh21,500 hivi. Mwanasiasa wa Kiambu atakuonyesha tarakimu za mkazi mmoja mmoja, na za jumla atazificha. Wa Lamu atakuonyesha za jumla, akanyamaza kuhusu za mkazi mmoja. Wote wawili wamesema kweli. Raia aliyefundishwa kuuliza "nambari hii ni ya mafungu mangapi, na fungu ni nini: ni mtu, ni ardhi, au ni kaunti?" ataweza kuwasikiliza wote kisha akaamua mwenyewe. Asiyefundishwa atamfuata mwenye sauti kubwa. Hicho ndicho kilichomo ndani ya swali la makarai ya kokoto.

Yamkini mwalimu mwenye wanafunzi 72 ataniambia kwamba haya ni maneno matamu ya mtu aliyestaafu, na kwamba silabasi haingoji. Nakiri kuwa mzigo wake ni mzito. Ila ninayopendekeza hayahitaji vifaa wala fedha. Kwanza, kila swali la uwiano lianze bila kalamu: mwanafunzi mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe, na mwingine aseme nambari iliyotolewa ni ya nini. Pili, mafungu yachorwe. Visanduku vitano juu na visanduku saba chini vitaonyesha pengo la visanduku viwili kuliko maelezo ya dakika kumi. Singapore ilijenga mafundisho yake ya shule za msingi juu ya michoro kama hiyo tangu miaka ya 1980, na chaki inatosha. Tatu, mwanafunzi atunge swali lake kutokana na duka la jirani, mjengo au jikoni kwao. Nne, jibu lirudishwe kwenye swali: 30 na 42 zina uwiano wa 5 kwa 7? Zimepishana kwa 12? Mtoto anayejikagua hahitaji kungojea alama ya mwalimu ili ajue amepatia.

Isitoshe, mwanafunzi aonywe kwamba si kila vitu viwili hupanda pamoja. Mafundi 6 wakijenga ukuta kwa siku 10, mafundi 15 hawatachukua siku 25. Kazi yote ni siku 60 za fundi mmoja, nao 15 wataimaliza kwa siku nne. Anayesoma kwanza atang'amua kwamba mikono ikiongezeka, siku hupungua. Anayekimbilia kuzidisha ataongeza mafundi na kuchelewesha nyumba.

Nanyi wanafunzi, msiyaogope maswali haya kwa sababu yana maneno mengi. Maneno ndiyo yaliyobeba msaada. Lisome swali mara mbili, ulizeni nambari mliyopewa ni ya mafungu mangapi, tafuteni fungu moja, kisha mwendelee. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ila aliyejaza kibaba bila kujua vibaba vingapi hufanya pishi atapunjwa sokoni mchana kweupe, na huko hakuna mwalimu wa kumsahihishia.